Miche Iliyorefuka Chini ya Taa

Lubumbashi, Jumapili baada ya misa

Mayo, mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa mikono miwili. Mguu wako unaouma wakati wa baridi umepoa kidogo? Na jiko jipya limekwisha kuezekwa, au bado unapikia kwa jirani? Huku tuko wazima. Kunda mke wangu na watoto wanakula vizuri, ni mafua tu yanayozunguka nyumbani kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Na wewe Mwansa, mdogo wangu unayemsomea mama barua hii, nakuomba usiruke mstari hata kama unanionea huruma.

Mayo, nina aibu. Karatasi mbili nimekwisha kuzichana, kwa sababu kila nikianza najikuta naandika habari za mvua.

Nilipokuja likizo ulinigawia mbegu za nyanya zako, zile nyanya bapa zenye mikunjo ambazo bibi alikuachia. Ukanifungia kwenye kitambaa, ukaniambia nizipande nje kwenye kitalu na kuziwekea kivuli cha nyasi. Nikakuitikia, ndiyo mama. Nilipofika huku nikafanya la kwangu. Mimi ni fundi wa umeme kwenye kiwanda cha shaba, nikajiona najua mambo ya mwanga kuliko mtu mwenye jembe. Nje kulikuwa na baridi, na bata wa jirani wanaingia uani, kwenye lupango letu, wapendavyo. Basi nikapanga makopo ya maziwa juu ya meza ya sebuleni, nikatia udongo na mbegu, nikafunga taa mbili ndefu za neoni darini. Watoto wakahamia kula chini kwenye mkeka. Kunda aliniuliza kama mama alisema hivyo. Nikamjibu kwamba mama hana umeme.

Mayo, ile miche ilikimbia! Wiki mbili tu ikapita shibiri. Jumamosi moja tulipomaliza salongo, ule usafi wa pamoja wa mtaa, wanaume wa barabara yetu wakaingia kutazama, na mmoja akanipiga bega: "Citoyen, weye njo enjenia ya nyanya!" Nikavimba kichwa. Jioni hiyohiyo nikakuandikia ile barua, kwamba miche yako imesimama kama askari kwenye gwaride. Sikukuandikia kwamba ilikuwa myembamba kama uzi na rangi yake imefifia, kwa sababu niliona na sikuelewa. Nilidhani urefu ndio afya. Mwana wako, niliyekulia katikati ya matuta yako!

Siku mbili baada ya kutuma barua, moshi wa mbabula, jiko letu la makaa, ulijaa ndani, Kunda akafungua dirisha. Upepo mdogo tu ukaingia, na jeshi langu lote likalala. Nikaifunga miche kwa nyuzi na vijiti. Nikaimwagia maji zaidi, na mingine ikaoza hapo kwenye shina. Kila nikirudi kutoka kazini nakuta mingine imekufa, na wale wanaume wakiniuliza nyanya zinaendeleaje, nasema vizuri.

Ndipo ikafika barua yako. Jiko la nyasi limeungua, na kibuyu cha mbegu kilichokuwa kinaning'inia juu ya moto kimeungua nacho. Ulimshukuru Mungu kwamba hakuna mtu aliyeumia. Halafu ukasema hukulia kwa ajili ya mbegu, kwa sababu mwanao anakutunzia. Ukasema barua yangu ilisomwa mbele ya wamama wote wa kanisani, na umewaahidi watagawana nyanya za bibi. Nilisoma hapo nikakaa chini. Mbegu zote za bibi zilizobaki duniani zilikuwa kwenye makopo yangu, zimelala.

Sasa sikia nilichofanya. Nilikwenda soko la Kampemba nikanunua miche mingine ya nyanya, mizuri, mifupi, shina nene. Nikaanza kuipanga kwenye sanduku ili nikutumie kwa kamyo, lori la mizigo, niseme ni yako. Kunda akaingia kutoka kisimani.

"Unapeleka nini kwa mama?"

"Nyanya."

"Nyanya ya nani?"

Nikaendelea kupanga miche. Akaweka ndoo chini.

"Mumba, ule ni muntu mwenye kukuzaa. Utamudanganya juu ya nyanya? Siku atakula, ataiweka mu kinywa na atajua. Apana. Mimi siko mu ile mambo."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Akachukua lile sanduku akaliweka nyuma ya nyumba, kisha akanishika mkono kama mtoto mpaka kwa Mama Ngoie, jirani yetu mwenye wale bata. Ni mjane wa mfanyakazi wa reli, mtu wa kaskazini huko Kabalo, naye analima mboga kando ya mto Naviundu. Mimi nilikuwa simsalimii vizuri kwa sababu ya bata. Alikuja, akatazama makopo, akatazama dari, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Ee baba! Taa yako iko kule juu sawa nyota. Hii mitoto inatafuta mwangaza, inakimbia kuifwata, inasahau kunenepa. Mama yako haukuonaka namna anafanyaka?"

"Nilionaka, mama."

"Sasa?"

Nikamsogezea makopo.

Hakutupa hata mche mmoja uliokuwa bado na uhai. Akanifundisha kushusha neoni mpaka iachane na majani kiganja kimoja tu, na kupunguza maji. Kila asubuhi nipitishe mkono juu ya majani polepole, kama mtu anayempapasa paka, ili shina lizoee kutikiswa. Kisha niitoe miche nje kivulini saa moja, kesho yake mbili, mpaka izoee jua. Baada ya wiki moja tukachimba vifereji kwenye sanduku lenye kina, tukailaza miche ubavu, tukazika ule urefu wote mpaka karibu na majani ya juu. Alinionyesha vinyweleo vya shina akasema, "Hii yote itatoka mizizi." Nilipiga magoti udongoni mbele ya mke wangu, nikazika kile nilichojivunia.

Na imeshika, Mayo! Shina limenenepa, majani yamekuwa ya kijani kabisa. Dereva wa kamyo ya Kasomeno, ile inayopita huko kwenu, anapakia kesho asubuhi, atakuletea sanduku lenye miche kumi na mmoja. Ipe kivuli siku tatu kwanza. Najua hayo unayajua kuliko mimi.

Nisalimie baba mdogo, mwambie redio yake nimekwisha kuitengeneza. Nisalimie shangazi mwenye duka, katekista wetu, na wamama wote wa kanisani. Kunda na watoto wanakusalimu sana, na Mama Ngoie anasema angependa kukuona.

Mayo, nilitaka kutia jina langu hapa, lakini mkono unakataa. Miche iliyopona ni tisa. Tisa, baada ya mbegu nyingi vile, niliona ni aibu. Kunda alipokwenda kuteka maji, nilichukua miwili ya soko iliyokuwa bado hai nyuma ya nyumba, nikaizika pamoja na yako ili hesabu ipendeze. Yeye hajui. Jana nilitaka kuing'oa, nikashindwa kuitambua, kwa sababu mashina yote yamezikwa udongoni na majani yanafanana. Nikikisia, naweza kung'oa ya bibi.

Basi usimgawie mtu yeyote mbegu kabla hujaonja tunda la kila mche. Ile miwili itakayozaa nyanya nyingine, ing'oe mbele ya wale wamama, uwaambie ni mimi niliyeipanda. Na mimi, barua hii ikishafungwa, naingia ndani kumwambia Kunda.

Mwana wako,
Mumba