Malenge ya Kopo

Ijumaa, Novemba 2012. Industrial Area, huku Uarabuni.

Na Wekesa, mwenzetu wa chumba, bado hali. Tangu mamake azikwe Bungoma na kampuni ikamkatalia ruhusa ya kwenda, ni chai tu. Nimeanza kuogopa, kusema kweli. Leo akasema labda angeweza kula malenge, kama ya mamake.

Nikawaambia chumba kizima, "Niachieni mimi, dereva niliyeuona ulimwengu!" Nikaenda supamaketi ya Wazungu, nikapata malenge ya Amerika ndani ya kopo, juu yake picha ya nyanya wa Kizungu anatabasamu.

Wamarekani ni wajanja toka zamani. Wanapika kwa mashine, wanafungia kwenye bati, halafu wanachora nyanya ili usahau kiwanda. Nami nikasahau. Maandishi madogo sikuyasoma, nilikuwa na haraka ya sifa.

Nikayapasha moto, nikampa Wekesa na ugali. Akaonja, akanikazia macho.

"Kaka, umenipikia malenge na chai masala?"

Kumbe yalikuwa ya kutengenezea pai! Sukari, mdalasini, karafuu. Walinicheka mpaka Wanepali wa chumba cha pili wakagonga ukuta.

Wekesa pia alicheka. Kisha kicheko kikageuka kilio, cha kwanza tangu ile simu ya msiba kutoka nyumbani.

Alipomaliza akasukuma malenge kando, akala ugali mtupu na chumvi, wote, akauliza kama umebaki mwingine.

Nikampa wangu. Nikamwambia nimeshiba. Sijashiba.