Nguzo Katikati ya Kitanda

Mpendwa Baba Milembe,

Leo asubuhi nimepanda juu ya trela letu na kopo la rangi, nikaziba ule mstari wa nyuma unaovuja kila mvua inapokuja na upepo wa ubavuni. Nimetumia kipande cha turubai kilichobaki kwenye lori la dereva mmoja wa Burundi. Mzee Sitta jirani alisimama akiniangalia, akauliza nani amenifundisha kupaka rangi kwa kufuata mteremko wa maji. Nikamwambia ni wewe. Akauliza tena utarudi lini. Hapo nikashuka kuosha brashi, kwa sababu hilo hatulifikii; ukinipigia simu tunaongea habari za mvua na masomo ya Milembe, halafu mwenzako anataka sehemu ya kuchajia, na maongezi yanaishia hapo.

Ndiyo maana nakuandikia. Kuna swali limenikaa tangu uondoke, na si la kuuliza kwenye simu huku wachimbaji wenzako wamekuzunguka. Usishtuke, sina ugomvi. Unanijua mkeo, kitu nisichokielewa nakizungukia kama kuku aliyeona kioo.

Unawakumbuka wale wasafiri wawili waliopasukiwa tairi hapa Isaka? Walikuwa wanavuta kijitrela kidogo, mbele kimevimba, nyuma kimechongoka, umbo la tone la maji linapotaka kudondoka bombani. Mimi niliitwa kushona kifuniko chake kilichochanika. Wewe ulikuja nyuma yangu kunibebea cherehani, ukakizunguka kile kitu, ukainama kuchungulia chini, ukazunguka tena. Ulipodhani ni sanduku la mizigo ulikuwa huna shida, lakini walipofungua mlango tukaona godoro, ulirudi nyuma hatua nzima. Ukaniuliza kwa sauti ndogo, "Watu wanalala humo? Na mlango wanafunga?"

Nilijua kwa nini unauliza. Miaka yote kule Geita ulikuwa fundi matimba, mtu wa kupanga magogo yanayoshikilia kuta na paa la duara, yaani shimo la dhahabu, ili kifusi kisiwaangukie wachimbaji. Halafu duara moja likashuka ukiwa ndani, nawe ukakaa gizani umekunja magoti mpaka wenzako walipokufikia. Ulirudi nyumbani mzima, hata mkwaruzo haukuonekana, nasi tukashukuru. Ila tangu siku hiyo hukulala tena chumbani. Mkeka wako ukahamia barazani, masika na kiangazi, na mimi nikawa nalala ndani mlango wazi ili nisikie ukikohoa. Majirani walidhani tumekosana. Sikuwa na namna ya kuwaeleza kwamba mume wangu ananipenda ila anaogopa kuta.

Sasa niambie, mtu anayeogopa kuta anapata wapi wazo la kujenga chumba kidogo kuliko vyote nilivyowahi kuviona? Wiki ile ile ulikwenda kijijini kwa baba yako kuomba ekseli ya mkokoteni wa ng'ombe uliokuwa umekufa. Ukarudi nayo, na springi zake, na tabasamu ambalo nilikuwa nimelisahau. Nilikuuliza tunajenga nini. Ukasema trela la kulala, ili nikienda minadani kushona maturubai ya wafanyabiashara nisilale tena chini ya meza. Jibu lilikuwa zuri, nikaliamini. Bado nataka kuliamini.

Ulijenga kama fundi matimba. Hapo nacheka hata sasa. Ulileta magogo ya mkaratusi, ukayakata, ukayasimamisha pande zote, ukayafunga kwa kabari za mbao kama mnavyofanya chini, kila gogo limebana jingine. Kila jioni uligonga moja moja kwa kichwa cha nyundo na kutega sikio, kwa sababu mliambiana huko machimboni kwamba timba huanza kulalamika kabla ya kuvunjika. Mbao zilipoisha kupigwa nikaingia kutandika godoro, na hapo katikati, kati ya upande wako na wangu, nikakuta nguzo imesimama kutoka sakafuni hadi darini.

Nilikuita. "Baba Milembe, juu ya hili paa kuna nini?"

Ukatazama juu, ukasema hakuna kitu, ni hewa tu.

"Sasa nguzo imebeba nini?"

Ukapangusa vumbi kwenye mikono. Mwisho ukasema, "Iache kwanza." Nikaiacha. Nikatandika godoro kwa kulikata tundu katikati, na Milembe aliporudi kutoka shule akasema wazazi wake watalala kama watu wawili waliotenganishwa na mti wa mpaka.

Kisha ikaja siku ya Mzee Sitta kulivuta kwa pikapu yake. Nusu ya mtaa walitoka kuangalia. Watoto walikuwa wamekwishaliita Kobe, na shemeji yako, yule asiyejua kunyamaza, akasema linafanana na jeneza la mtu mnene. Nilikuona ulivyogeuza uso. Pikapu ikanguruma, trela likasogea, likafika karibu na reli, na pale kwenye tuta springi zikanyooka zote mbili kwa uzito wa magogo na boksi likakaa juu ya tairi. Ulikuwa umejenga kitu kinachoweza kuangukiwa na mlima kisivunjike, ila barabara kilikuwa hakiiwezi. Nilidhani utaliacha pale pale. Wewe ukalala chini ya ekseli kuangalia, ukatoka umejaa vumbi na macho yanang'aa, ukasema tatizo la trela liko chini, siyo juu, nawe maisha yako yote umezoea kuangalia juu.

Tukaanza upya, na hiki ndicho kipindi ninachokikumbuka kwa raha kuliko hata harusi yetu. Kila siku tulikuwa na la kujiuliza. Ulitoa gogo moja, ukakaa siku kadhaa ukigonga na kusikiliza, ukatoa jingine. Mahali pake ukaweka mbavu za plaiwudi nyembamba zilizogandishwa mbili mbili kwa gundi na kupindwa kufuata umbo. Mimi nikasema kama ngozi ya lori ni turubai, kwa nini ya Kobe iwe mbao? Tukavuta turubai juu ya mbavu, nikalishona kwa uzi wa nailoni, tukalipaka rangi ya mafuta tabaka juu ya tabaka mpaka likawa gumu kama ngoma. Jua la Isaka likageuza ndani kuwa tanuri. Ukaenda stendi kuokota yale maboksi meupe ya kusafirishia samaki kutoka Mwanza, ukayakata na kuyapanga kati ya dari na turubai. Joto likapungua, ikabaki harufu ya sato. Ulifurahi ukasema angalau tutaota tuko ziwani.

Nyuma ulinipa jiko langu, kifuniko kinachonyanyuliwa na kushikiliwa na fito, na chini yake kuna mahali pa mtungi mdogo wa gesi, sufuria na kopo la michembe ya viazi vitamu. Milango ulitoboa miwili, mmoja kila upande, na kitasa ukafanya cha kusukuma kwa ndani tu. Nilitaka komeo la nje kwa ajili ya wezi. Ulikataa kabisa, na lilikuwa jambo pekee ulilolikataa katika kazi yote ile, kwa hiyo sikulirudia.

Ulianza kulizoea mchana. Ulilala humo milango yote wazi na miguu yako nje, mimi nikiwa kwenye cherehani chini ya kivuli cha ukuta. Baadaye miguu ikaingia. Baadaye mlango mmoja ukafungwa. Ulipotaka kuufunga wa pili uliniita, ukasema, "Ongea, Mama Milembe."

"Niongee nini?"

"Chochote. Nikusikie tu."

Basi nikawa naongea. Nilikusimulia malori yanayopita, hili limebeba saruji, lile limebeba makontena, dereva huyu ana kofia ya sufu kwenye jua lote hili. Nilikusimulia treni ya mizigo inavyoshusha. Mara mlango ulifunguka ghafla ukatoka umelowa jasho, ukakaa chini, na baada ya muda ukaingia tena. Siku nyingine niliongea mpaka nikaishiwa, nikaanza kueleza jinsi ya kupika mlenda, na nikasikia unakoroma. Milango yote ilikuwa imefungwa. Nililia pale kwenye cherehani, Baba Milembe, na sikuacha kuongea mlenda, nikihofia ukimya utakuamsha.

Nguzo ulikuwa umeipunguza ikawa bomba jembamba, lakini bado ilikuwa katikati yetu. Ulipoing'oa tulikuwa Mhunze mnadani. Ulishuka, ukarudi na spana, ukaifungua, ukaitupa chini ya trela. Tulilala bega kwa bega kwa mara ya kwanza tangu lile duara lishuke. Asubuhi niliamshwa na maji yanayonidondokea usoni kutoka darini, nawe ulikuwa umekwishaamka, umelala chali unayatazama. Ukaniamkia, "Mwangaluka, Mama Milembe. Haya maji yametoka wapi na mvua haijanyesha?" Tukabishana, mimi nikisema umande, wewe ukisema paa, mpaka ukapuliza pumzi kwenye kioo cha dirisha kikafifia, tukaelewa kwamba ni sisi. Pumzi zetu wawili ndizo zilizokuwa zimening'inia pale. Siku hiyo hiyo ulitoboa tundu moja chini miguuni na jingine juu karibu na kifuniko, ukanieleza hewa inavyohitaji pa kuingilia na pa kutokea, kama duara linavyopuliziwa kwa bomba. Ulieleza habari za duara bila sauti kutetemeka. Nilifurahi sana. Sikujiuliza zaidi ya hapo.

Halafu akaja yule mwenzako wa zamani kutoka Geita. Mlikaa nyuma ya nyumba mkala karanga, mkaongea kwa sauti ya chini. Alipoondoka uliniambia wamefungua duara jipya na hawana mtu wa kuaminika wa kufunga matimba. Ukasema unakwenda kufunga matimba tu, watu wasije wakafa. Nilikufungia nguo. Ningekuzuia kwa lipi, wakati mimi mwenyewe nilikuwa nimeomba upone?

Swali lilinijia baada ya wewe kuondoka, siku nilipolala peke yangu trelani kule Mhunze. Asubuhi nilitazama dari nikakuta maji kidogo tu, upande wangu. Nikalala chali nikiwaza. Chumba chembamba. Giza. Mbao za kugongwa na kusikilizwa. Matundu ya hewa. Sauti ya mtu aliye nje inayokuongelesha ili ujue bado dunia iko juu. Nikajiuliza kama kweli nilikuwa natengenezewa kitanda cha mnadani, au nilikuwa namsaidia mume wangu kufanya mazoezi ya kurudi shimoni.

Nimelichunguza hili kila upande. Kuna siku naona trela ni la kwangu, nikikumbuka jinsi ulivyopima urefu wa jiko kwa kiwiko changu. Kuna siku naona ni la duara tangu ekseli ilipofika. Hasira zilinijia kidogo, sikufichi, nilimjibu vibaya Mzee Sitta na nikaacha trela juani bila kifuniko. Zikapita. Kilichobaki ni hamu ya kujua, na hofu. Naogopa kila simu yenye namba nisiyoifahamu. Umepona ukaenda tena mahali palipokuumiza, na mimi hapa sijui kama nimempata mume au nimempoteza mara ya pili.

Jumamosi Mzee Sitta anakuja huko kwenye mnada ulio jirani na machimbo yenu, na amekubali kunivuta. Wachimbaji wanahitaji maturubai ya kufunika midomo ya maduara kabla masika hayajaanza, kwa hiyo kazi ipo, sitakuja kukaa bure. Milembe atabaki kwa bibi yake. Nitaegesha upande wa wauza mbuzi. Panda juu, oga, uje.

Nitakuuliza mara moja tu. Ukisema ulilijenga ili ulale na mimi, Jumapili tutalifunga kwenye pikapu turudi wote Isaka. Ukisema ulilijenga ili uweze kurudi chini, niambie hivyo hivyo ukinitazama, nami nitajua nimeolewa na nani. Na kama wewe mwenyewe hujui, usinitungie jibu la kunifurahisha. Ingia tulale, asubuhi tuendelee kujiuliza wote wawili.

Jihadhari huko chini mpaka nifike.

Mkeo,
Mama Milembe