Akiuliza Namba ya Kiatu, Nimjibu Ipi?

Mpendwa Bi Mishi, pokea salamu zangu, na baada ya salamu naomba unishike mkono kwa hili lililonifika, kwani ukurasa wako tunausoma nyumbani kila Jumamosi na mama husema "mwanamke huyu hana haya, lakini haongopi", nami kwa sasa nahitaji mtu wa namna hiyo.

Mimi ni msichana wa Kibokoni, Mji wa Kale, nimeposwa na kijana ambaye hapa nitamwita Ayman, asimamia duka la vipuri la ami yake, mtu mpole na mwenye mzaha wake, wazee wamekubaliana na harusi imewekwa kabla ya Ramadhani, kila kitu kinakwenda vizuri isipokuwa mimi. Tatizo langu liko miguuni. Nimezaliwa mguu mmoja mkubwa na mwingine mdogo, wa kulia navaa arubaini na wa kushoto thelathini na saba, siumwi wala sikuugua, ndivyo nilivyoumbwa, na nje ya nyumba yetu hakuna ajuaye, kwa sababu tangu utoto wangu mama huninunulia pea mbili za kiatu kimoja, achukue mguu huku na mguu kule, na muuzaji akimkodolea macho yeye humwambia "moja ni ya dadake", nami dada sina, na zile zinazobaki, kubwa ya kushoto na ndogo ya kulia, hajawahi kuitupa hata moja, amezitia mafurushini chini ya kitanda chake na ukimuuliza za nini ajibu "ziache, hazikuombi chakula".

Ndiyo maana sisi viatu tunangojea ofa, na kiatu nikipendacho kuliko vyote ni raba nyeupe za kamba, zile za mtindo wa zamani ambazo hazipitwi na wakati, kwani nikishazikaza natembea kama watu wote, lakini viatu vya sherehe mara nyingi hatupati namba zote mbili, basi huvaa vya namba kubwa na cha kushoto nikakijaza pamba. Hivyo ndivyo nilivyovaa siku ile tulipokwenda kupunga upepo kando ya bahari, Mama Ngina, mimi na Ayman na ndugu yangu Salem ambaye ndiye aliyetumwa atuangalie, nikataka kupendeza nikavaa vya sherehe, na Salem alipotangulia kununua mihogo ya kukaanga kiatu cha kushoto kikanivuka mguuni katikati ya njia na pamba ikatoka, lakini Mungu si Athumani, wakati uleule Ayman akapigiwa simu, akanigeuzia mgongo akazungumza kwa muda, na mpaka anamaliza nilikuwa nimeshavaa na pamba nimeificha mkobani, hakuona kitu.

Sasa wajua mila yetu, Bi Mishi, sanduku la bi harusi huja na nguo na manukato na viatu, na wiki iliyopita shangazi yake, Bi Afaf, akanipigia akasema, "Hebu nambia mwanangu, wavaa kiatu namba ngapi, nisije nikakununulia cha kukubana?" Nikasema haraka thelathini na nane, namba ambayo si ya mguu wangu wowote. Nikadhani yamekwisha, kumbe ndiyo kwanza yanaanza, kwani juzi Ayman akanitumia ujumbe wa sauti ambao nimeusikiliza mpaka nimeuhifadhi kichwani, asema, "Duka moja la Barabara ya Digo limeshusha bei kwa ajili ya msimu huu wa joto, zile raba nyeupe uzipendazo zipo, nataka tuvae za kufanana mimi nawe, tukishaoana tuwe twatoka nazo jioni kutembea. Shangazi aniambia wavaa thelathini na nane. Ni kweli?" Nikamtumia picha ya ua. Ofa inakwisha Jumapili na wameandika mlangoni kwamba vitu vya ofa havibadilishwi.

Nilipomweleza mama nataka kusema kweli alikasirika, akaniambia, "Mola kakusitiri na buibui, nawe wataka kujianika? Ngoja uolewe, atakuzoea." Lakini mimi namwona Ayman akinijia na boksi lake akicheka, nami naingiza miguu mbele yake, mmoja hauingii na wa pili unaogelea. Naogopa atasema nimemficha kilema, na naogopa nikisema sasa posa itarudi na mama atashindwa kuinua uso mtaani. Nampenda, Bi Mishi. Neno hili sijamwambia yeyote, hata yeye mwenyewe. Nifanye nini? Na kama kuna namna ya kuchagua raba na kuzivaa na buibui ili tofauti ya miguu isijitangaze, nielekeze pia, maana hapo tu ndipo najisikia msichana kama wenzangu.

Bi Harusi Mwenye Hofu,
Kibokoni, Mombasa

BI MISHI ANAJIBU

Bi harusi wangu, salamu zimefika. Mwambie mamako haya ninazo, ila huziacha nyumbani ninapokuja kazini.

Kwanza nikugombeze, tulimalize. Thelathini na nane! Ungesema arubaini, mguu mmoja ungestarehe. Ungesema thelathini na saba, mwenzake ungestarehe. Wewe ukaenda kutafuta namba ya kuiadhibu yote miwili. Hiyo ndiyo kazi ya uongo wa haraka, mwanangu, haumfai hata aliyeusema.

Na hebu fikiri. Sisi si watu wa kuingia na viatu ndani. Utakapokuwa mke wa mtu, viatu vyako vitakaa mlangoni pa mama mkwe usiku na mchana, kila apitaye avione. Kabla ya hapo kuna siku ya hina, ambapo mpakaji ataishika miguu yako mbele ya wanawake wa pande zote mbili, na Bi Afaf atakuwa amekaa mbele kabisa, hao mashangazi nawajua. Njia ya mwongo ni fupi, na yako imeshafika ukutani. Siri hii haitafika Ramadhani. Swali ni nani atakayeitoa, wewe au mpakaji hina.

Mamako simlaumu, nawe usimlaumu. Mwanamke asiyeweza kutupa kiatu hata kimoja cha mtoto wake hakuonei aibu. Anakuonea uchungu, na uchungu wa mzazi mara nyingine huja umevaa nguo za ukali. Amekubeba na hofu yake miaka yote hii, akadanganya wauza viatu wa mji mzima ili wewe usitazamwe. Mbusu mkono. Lakini kwa hili usimsikilize. Na neno kilema uliloandika nimelisoma mara moja na sitaki kulisoma tena. Umeumbwa, unatembea, unapendwa. Basi.

Sasa tuje Mama Ngina. Umesema Ayman alipigiwa simu. Je, uliisikia ikilia?

Mimi sikuwako, kwa hiyo siapi. Lakini simu inayoanza kiatu kinapovuka na kuisha kiatu kinapovaliwa, hiyo ni simu yenye adabu sana. Kisha kijana huyohuyo anaambiwa namba na shangazi yake, naye anarudi kukuuliza wewe, "Ni kweli?" Mtu asiyejua lolote angekwenda kununua tu. Huenda nakosea, na nikikosea utaniandikia kunitukana. Nionavyo mimi, amekufungulia mlango na anangoja kwa staha uingie mwenyewe, nawe umemtumia picha ya ua.

Kuhusu raba, hapo umenigusa penyewe, maana na mimi navaa. Chagua za ngozi nyeupe laini, zisizo na mistari wala nembo kubwa ubavuni, kwani mapambo ndiyo yanayolifundisha jicho kupima. Za kitambaa ni nzuri lakini kwa chumvi ya hewa yetu hugeuka manjano mapema; ukizipenda sana, uzifue kwa mkono, uzifunike karatasi za chooni nyeupe, uzikaushe kivulini. Ziweke hizo namba mbili pamoja sakafuni uinamie utazame: mitindo mingine soli huwa nene kadiri namba inavyopanda, na hiyo ndiyo itakayokufanya uchechemee. Tazama na matundu ya kamba. Kiatu kikubwa mara nyingine huongezewa tundu, basi tafuta mtindo ambao matundu ni sawa kote. Nenda alasiri, wakati joto limeshaivimbisha miguu, usinunue kiatu cha asubuhi ukaja kukilaani jioni. Bei ya ofa isikupumbaze ukachukua kinachobana eti kitalegea. Hakilegei, kinalegea kidole.

Buibui likatwe lifike kwenye kifundo, lisifagie njia. Likiwa refu watu hutazama chini kuona unakanyaga nini. Vaa soksi nyeupe fupi, na ndani sketi iliyonyooka. Dera na raba sitaki kuona, dera lina ndara zake. Na huyo Ayman mwambie raba zake azivalie suruali. Akizivalia kanzu aende nazo msikitini, wenzake watakuwa wameshafika nyumbani yeye bado anafunga kamba barazani.

Haya, kazi yako ni hii. Usimwandikie, usimtumie sauti. Kabla ya Jumapili mchukue Salem, mwambie Ayman mkutane palepale dukani alasiri, na akikuuliza namba mpe mbili, kwa mdomo wako, ukimtazama: kulia arubaini, kushoto thelathini na saba. Usiombe msamaha wa kuumbwa. Omba msamaha wa thelathini na nane tu. Kisha nyamaza. Akikaa kimya, usikijaze kimya chake kwa maelezo, watu wema huhitaji muda wa kutafuta neno. Jioni hiyohiyo umpigie Bi Afaf umrekebishie, naye aseme atakalosema. Na kama Ayman atacheka kwa dharau, au akaanza kukuuliza watoto watazaliwaje, chukua nduguyo mrudi nyumbani, posa irudi, na mamako atauinua uso wake vizuri tu kwa sababu mwanawe atakuwa ameokoka. Utalia. Nami nitalia nawe, lakini sitakushauri ungojee.

Ila moyo wangu hauniambii hivyo. Moyo wangu waniambia mtanunua pea tatu, na harusi itakuwa. Na jioni mojawapo mkiwa matembezini, watu wamejaa, kamba zako zitafunguka naye atainama kukufungia. Atakapofika kwenye mguu wa kushoto, mwanangu, usiuvute nyuma.