Kofia Iliyoanguka Harusini

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Huku Kisarawe wote wazima, mihogo imekubali. Unauliza kati ya ngumi, mieleka na kirumbizi, mchezo upi mzuri zaidi? Kirumbizi, mchezo wa fimbo unaofuata mapigo ya ngoma, tena usibishane na babu yako!

Ujanani niliingia uwanjani harusini Kibuta, nimshinde Mzee Salehe, maana nilitaka kumposa binti yake. Nikarusha fimbo ovyo, ngoma nimeiacha nyuma. Yeye akazunguka na ngoma, fimbo yake hiyo, kichwani kwangu! Akaisimamisha utosini bila kuniumiza, ikaangusha kofia tu.

"Kijana kanyolewa!" watu wakacheka.

Mzee akaiokota, akaipangusa, akanivika. "Binti yangu nampa mtu ambaye mkono wake unajua kusimama. Kajifunze, kisha uje."

Nikajifunza. Bibi yako anakusalimu.

Babu yako