Lia Tena

Shoga, hebu nikusimulie. Ndiyo kwanza tunatoka kuangalia filamu ya maisha ya yule mwandishi, yule wa kitabu cha mauaji ya kaka yangu.

Eti humo kwenye filamu Mama anaangua kilio, bwana mkubwa anazima kinasa sauti kwa heshima. Kwa heshima! Yule?

Si unakumbuka alichomwambia Mama siku ile anamhoji sebuleni kwetu? "Samahani Mama, kilikuwa hakijawaka. Hebu lia tena."

Lia tena! Na mama wa watu akalia.

Basi filamu imeisha, taa za ukumbi zimewashwa tu, huyo mwandishi mwenyewe, mbio kumkumbatia Mama mbele ya kamera, machozi yanamtiririka. Mnafiki hana haya!

Mama kamwangalia weee, katoa simu kwenye pochi.

"Hebu lia tena, mwanangu. Simu yangu ilikuwa imezima."