Fidélie Njo Anapashwa Kujibu

Jumanne, 9 Septemba 2025

Nyumba ya tatu ya leo, ku mutaa ya Panda. Tablette yangu ya kazi ikachagua jina yenyewe, vile inafanyaka: Fidélie, bibi ya Magloire. Bwana akacheka. "Mama Bibiane, minye njo chef ya nyumba. Uniulize minye." Nikamwambia enquête hii, maulizo ya Baamerika, iko na sheria — mwenye jina yake imetoka njo anajibu, tena peke yake. Akasema Fidélie alienda ku soko.

Ku soko! Na nilikuwa namusikia nyuma ya nyumba, anatwanga majani ya sombe!

Bon. Nitarudia. Nyumba moya inapewa mara tatu, kiisha jina inafutwa.

Jumatano, 10 Septemba

Mutaa ya Shituru. Nikamuuliza Papa Gracien kama iko na imani na rais wa Amerika. Muzee akanitazama. "Na yeye, iko na imani na siye?" Weee! Nilicheka mupaka machozi. Lakini jibu ya vile haina nafasi mu tablette. Nikaweka "siyui". Roho ikaniuma, juu muzee alikuwa anayua muzuri sana.

Alhamisi, 11 Septemba

Mara ya pili. Magloire tena ku mulango. Fidélie analala, asema. Saa ine ya asubui!

Superviseur Élie, mukubwa yetu wa kazi, akatuma message: kamata majibu ya bwana, weka jina ya bibi, nani atayua?

Minye nitayua! Miaka kumi na mbili nilikaa na bwana mwenye kujibia mu nafasi yangu. Hata kwa dokta. "Bibiane anaumwa kichwa" — na ilikuwa tumbo! Nilimeza dawa ya kichwa juma nzima. Hapana, Élie. Siandike.

Jumamosi, 13 Septemba

Mara ya mwisho. Mbele Magloire aseme kitu, Fidélie akatoka, mikono yote majani. "Mama, minye niko."

Bwana akaleta kiti, akaikala katikati yetu. Nikamuomba atupishe. Akakatala. Nilitaka kufunga tablette. Fidélie akasema: uliza tu.

Amerika? Haiyui, anaisikiaka tu ku redio. Kuomba Mungu? Kila siku. Bwana anaitika na kichwa, sawa mwalimu kama mutoto amejibu muzuri. Kiisha ikafika ile: bibi anapashwa kutii bwana yake siku yote — ee, ao hapana?

"Ee," Magloire akasema. "Andika."

Sikuandika. Kidole yangu ilibakia yulu. Fidélie akapangusa mukono ku kikwembe, akavuta tablette. "Unionyeshe pa kubonda na kidole." Nikamuonyesha pa ee na pa hapana. Akabonda. Mukono yake ilifunika yote, hata minye sikuona. Ulizo ingine ikatokea, na ile tablette hairudiake nyuma.

"Amebonda nini?" Magloire akauliza.

"Mama, ulizo inafwata," Fidélie akasema.

Tukamaliza yote. Nilitembea mupaka ku barabara nacheka peke yangu.

Ile ile siku, saa kumi na moya ya mangaribi

Magloire iko ku mulango yangu! Hapige makelele. Anaomba, na sauti ya chini: "Mama Bibiane, uniambie tu." Nikamwambia hata minye siyui. Hakubali. Nikamuuliza: na Fidélie, ulimuuliza?

Akatazama viatu vyake. "Hapana." Akainua kichwa. "Weye, unaanzaka namna gani kuuliza?"

Nimemupa kiti. Anangojea nimuonyeshe.