Kiyoyozi Juu ya Kichwa cha Bi Saumu

Shela, Malindi

Mpendwa Baba Zuhura,

Naogopa. Utanisamehe kwa kukosa salamu ndefu, kwani hofu imenikaba tangu ulipotutoka, na wewe ndiye niliyezoea kumwambia. Nakiogopa kile kiyoyozi chako.

Wakumbuka ulivyokileta mwaka wa themanini na mbili, walipokitupa huko hotelini ulikofanya kazi? Ulikipachika kwenye dirisha la juu, nusu ndani, nusu kikining'inia njiani, ukatembea mtaani siku nzima kama mtu aliyenunua meli. Nami nikalala na shuka mbili, meno yakigongana, nisije nikakuvunja moyo.

Kila mwezi ulikiosha chumvi ya bahari kwa maji ya mfereji. Ulisafisha chujio, ukazibua bomba, kisha ukatoka dirishani hadi kiunoni kukaza nati na kuvipaka grisi vyuma vinavyokibeba, mimi nimekushika kikoi kwa mikono miwili.

"Usiniachie, Mama Zuhura," ulikuwa ukisema. "Nikianguka, Bi Saumu atanikaanga pamoja na mahamri yake."

Nilicheka, nikakaza kikoi zaidi. Miaka yote niliogopa kwamba utaanguka pale. Kumbe homa ingekuchukua kitandani.

Tangu uugue, hakuna aliyekigusa. Kutu imevila vile vyuma. Upepo ukivuma kinalia, na vipande vya kutu vinadondoka barazani chini, palepale Bi Saumu anapokaangia mahamri ya kuuza. Fundi alikitazama kutoka njiani, akasema kwa nje hakifunguliki, lazima aingie chumbani. Nami nimo edani, mwanamume wa kando haingii. Bi Saumu alipoombwa ahame, alicheka tu: "Wateja wangu wajua ni hapa. Na marehemu hakuwa na ugomvi nami."

Jana asubuhi kililia, kikainama. Nilipiga ukelele, nikakimbilia dirishani. Dada yako Mwanakhamisi, ambaye ndiye anayekaa nami eda hii, akaja mbio.

"Weye wataka nini? U edani, usitoe uso!"

"Wifi, kitamuua mtu!"

Alinitazama, akavua leso yake, akanifunika kichwa na uso. "Haya, basi. Vuta."

Tulichomoa waya, tukasukuma kitanda hadi dirishani, tukavuta. Yeye alisoma dua, mimi nililia. Chini nilisikia mafuta yakichemka na Bi Saumu akitaniana na mteja. Chuma kimoja kilikatika mkononi mwangu kama mkate mkavu, nikajua tumechelewa, nikafumba macho. Kisha mashine yote ikaja ndani kwa mkupuo, ikaangukia kitandani.

Iliangukia upande wako. Godoro likazama vilevile ulivyokuwa ukilizamisha ukirudi kazini umechoka.

Nilidhani hofu ingeniisha hapo. Bi Saumu yu salama, na leo asubuhi ameniletea mahamri bila kujua lolote. Lakini haikuisha. Mwanakhamisi alishika pembe moja ili tukiteremshe sakafuni, nikamwambia asubiri kidogo. Anasubiri tangu jana, maskini.

Naogopa tukikiondoa, Baba Zuhura. Naogopa godoro litainuka.

Mola akulaze pahali pa baridi na pa amani.

Mkeo,
Mama Zuhura